Kufuli Tatu na Kompyuta Moja

Mazungumzo ya Mtunza Hesabu mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie kompyuta yetu. Najua wapo waliokwisha kusinzia kwa kulisikia neno lenyewe tu. (Kicheko.) Mwenyekiti aliniambia hivi: "Mama, waeleze hicho kitu kinachoitwa makro, lakini waeleze kwa Kiswahili cha Mwigobero sokoni, siyo kile cha semina." Nitajaribu. Na humo ndani nitasema mambo mawili ambayo hayamo katika taarifa mliyogawiwa mlangoni. La kwanza linahusu programu tuliyoandikiwa ikatushinda. La pili linanihusu mimi mwenyewe, nalo si zuri.

Lakini tuanze na sanduku, maana sanduku kila mtu analijua.

Vikundi vya namna yetu, vya kuweka hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko, vilianza huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likiwa pamoja na akina mama wa vijijini. Vikaenea Afrika nzima, na sanduku lenye kufuli tatu likawa alama yao. Kila tawi letu linalo. Funguo tatu zinashikwa na akina mama watatu, na hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kuwa kiongozi wa tawi. Sanduku linafunguliwa mkutanoni, mbele ya macho ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti. Mwekahazina hata akiwa mtakatifu hawezi kulifungua peke yake nyumbani kwake. Hatukuweka kufuli tatu kwa sababu tunamshuku mtu. Tuliziweka ili asiwepo mtu wa kushukiwa.

Sasa kumbukeni tulivyokuwa tukifanya hesabu miaka ile ya kwanza. Daftari la Bunda lilipanda basi hadi Musoma, daftari la Butiama likaja na yeyote aliyekuwa anakuja kupitia Makutano, na mimi nikakaa nayo matatu usiku nikijumlisha. Mara nyingine daftari lilifika na harufu ya dagaa, mara nyingine halikufika kabisa. Mwaka wa tatu tukanunua kompyuta ya mezani, iliyokwisha kutumika, ndiyo ile mnayoiona pale kona imefunikwa kitambaa. Kijana mmoja, mtoto wa watu, mpole na hodari, akatuwekea ndani yake hifadhidata katika programu ya Access. Hifadhidata ni kabati tu la kumbukumbu. Ndani yake mna majedwali: la wanachama, la hisa, la mikopo, la marejesho. Kila jedwali ni kama daftari lenye mistari, ila hili halichoki kujumlisha.

Kijana yule alifanya kazi safi. Aliandika kwa msimbo, yaani lugha ya programu, mistari mingi sana, na juu yake akaweka neno la siri ili watoto wasije wakachezea. Unabonyeza kitufe, ripoti inatoka. Tulifurahi. Baadaye akapata ajira mbali, akaondoka, kama vijana wanavyoondoka, na namba yake ya simu ikabadilika.

Mwanzo wa mzunguko uliofuata tulikaa mkutano mkuu, tukapiga kura kwa mikono, tukapandisha bei ya hisa kutoka Sh. 2,000/= kwenda Sh. 5,000/=. Uamuzi halali, muhtasari ukaandikwa, ukatiwa sahihi. Wiki ile ile mwanachama akaleta Sh. 15,000/= za hisa tatu. Karani akaandika tatu. Kompyuta ikajibu: Sh. 6,000/=. Kumbe ile elfu mbili ilikuwa imeandikwa ndani ya msimbo, nyuma ya neno la siri ambalo hatukulijua.

Tukaanza kuidanganya mashine. Aliyeleta hisa mbili, yaani Sh. 10,000/=, tulimwandikia hisa tano za bei ya zamani, hesabu ikakubali. Lakini aliyeleta hisa tatu? Ingebidi aandikiwe saba na nusu, na kompyuta haikuwa inapokea nusu. Mwanachama mwenye hisa witiri akawa hana mahali pa kukaa ndani ya kompyuta yake mwenyewe! Tukarudi kwenye daftari mwaka mzima, na mgawanyo wa mwaka ule, wanaokumbuka wanakumbuka, tuliufanya kwa kalamu usiku mbili mfululizo, watoto wamelala sakafuni.

Nataka hapo pakae kidogo. Sisi wanachama tulikuwa tumepiga kura. Mashine ilikuwa imepiga kura yake tofauti, na yake ndiyo iliyoshinda. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, lakini kompyuta ilikuwa na kufuli moja, na mwenye ufunguo alikuwa hayupo.

Jambo hili si geni nchini kwetu, wala halikuanzia kwetu akina mama. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ikakwama, waliozielewa wakiwa wachache na hesabu zikiwa nyingi. Mwaka 1974, Mwalimu akiwa Ikulu, uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini ukapigwa marufuku. Zuio lile lililegezwa baadaye, na Bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Wapo wanaocheka wakiisikia habari hiyo, na wageni wanaokwenda kuzuru kaburi pale Butiama wengine huiuliza kama kichekesho. Mimi sikusifu kupiga marufuku. Lakini baada ya zile usiku mbili sikucheka tena. Nilielewa mtu anavyoweza kuitazama mashine inayoshika fedha zake asiielewe, akasema basi, itolewe.

Sisi hatukuitoa. Bahati nzuri majedwali yenyewe hayakuwa yamefungwa. Kilichofungwa kilikuwa msimbo tu. Hisa na mikopo yetu yote ilikuwepo, salama. Mwalimu mmoja wa sekondari alinikalisha Jumamosi tatu akanionyesha njia nyingine ya kuiagiza kompyuta, bila kuandika msimbo. Hiyo ndiyo makro.

Makro ni nini? Fikiria unakwenda sokoni unamwachia binti maagizo. Washa moto. Injika sufuria. Maji yakichemka, tia unga, songa. Kama unga umekwisha, nenda dukani. Kama duka limefungwa, acha, nisubiri. Hujamfundisha lugha mpya. Umempangia tu kazi anazozijua tayari, kwa mfuatano, pamoja na "kama" mbili tatu. Makro ni hivyo hivyo. Access yenyewe inakuja na kazi inazozijua: kufungua fomu, kufungua ripoti, kuendesha kwiri, kutoa ujumbe, kusimama, kufunga. Kwiri ni ulizo linalopelekwa kwa majedwali, kwa mfano "nipe wote wenye mikopo ambayo haijaisha", na nyingine huongeza au hubadilisha mistari. Wewe unafungua ukurasa mtupu, unachagua kazi moja moja kutoka kwenye orodha, unazipanga juu hadi chini, unaipa makro jina, unaiweka kwenye kitufe. Mambo haya yalikuwemo ndani ya Access tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1992, sisi tu hatukuyajua.

Wanaotumia Excel watasema, "Mbona sisi tunarekodi tu?" Ni kweli, Excel ina namna ya kukutazama unavyofanya kazi ikakariri, lakini inachokariri inakiandika kwa msimbo huko nyuma. Access hairekodi. Lazima uchague kila hatua kwa mkono wako mwenyewe. Inachosha zaidi, lakini ukimaliza unajua umeandika nini.

Hebu niwasomee makro yetu ya kufunga mwezi. Inaitwa FUNGA_MWEZI. Inaweka riba ya mwezi kwa kila mkopo ulio wazi. Inaongeza faini za waliochelewa. Inachapa ripoti ya Musoma, kisha ya Bunda, kisha ya Butiama. Mwisho inatoa ujumbe kwenye kioo: "Mwezi umefungwa. Hesabu sanduku." Basi. Hatua chache, zinaenea kwenye karatasi moja. Amri zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, kama OpenQuery na OpenReport, lakini hazizidi kumi, na mama asiyejua Kiingereza amezizoea kama alivyozoea maandishi ya kwenye kopo la dawa. Majina ya majedwali, ya kwiri na ya ripoti tunayapa sisi, na tumeyapa ya Kiswahili. Kando ya kila hatua kuna nafasi ya maelezo. Hapo tumeandika kwa Kiswahili hatua hiyo inafanya nini na mkutano gani uliiamua.

Na ile bei ya hisa? Imetolewa ndani ya programu kabisa. Tumetengeneza jedwali dogo, tumeliita KANUNI. Lina bei ya hisa, kiwango cha riba, faini ya kuchelewa na mchango wa mfuko wa jamii. Makro na kwiri zote zinakwenda kusoma humo. Mkutano mkuu ukibadilisha bei, Katibu anafungua fomu ya KANUNI mbele ya wajumbe wawili, anafuta 5,000, anaandika bei mpya, kwisha. Mambo ya kupiga kura yanakaa mahali pamoja yanakoonekana.

Faida niliyoiona mimi si wepesi. Msimbo ungefanya kazi hiyo kwa wepesi ule ule, pengine zaidi. Faida ni kwamba Kamati ya Ukaguzi, ambayo ina mama muuza vitumbua na bibi mmoja aliyeishia darasa la saba, imekaa na karatasi ile ikaisoma hatua kwa hatua. Na ilipoisoma ikauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Mbona faini inawekwa baada ya riba? Ikitangulia, riba haitapanda?" Tukakaa, tukaangalia. Riba yetu inatozwa kwenye mkopo peke yake, haigusi faini, kwa hiyo mfuatano haukuwa na madhara. Lakini lilikuwa swali la haki kabisa, na kwenye programu ya zamani hakuna ambaye angeweza kuliuliza.

Sasa nije kwenye jambo la pili. Nilisema linanihusu.

Access ina tabia. Ukiiagiza iongeze mistari kwenye jedwali, kabla ya kuiongeza inasimama inakuonya: unakaribia kuongeza mistari kadhaa, na haitarudishika, uendelee au uache? Inakutajia na idadi. Onyo hilo linakuja kwa Kiingereza, na lilikuwa likimtisha karani kila mwezi. Ananipigia simu, "Mama, imekasirika tena." Iko amri ya kunyamazisha maonyo, inaitwa SetWarnings. Katika Access za siku hizi wameificha, mpaka uombe kuonyeshwa amri zote ndipo inatokea, na hilo peke yake lilipaswa kuniambia kitu. Mimi nikaitafuta, nikaiweka juu kabisa ya FUNGA_MWEZI. Mashine ikanyamaza. Karani akafurahi. Nikajiona fundi.

Mwezi Juni wa mwaka wa nane nilikuwa nafunga mwezi mwenyewe. Mikopo iliyokuwa wazi ilikuwa 47, jumla Sh. 9,400,000/=, na riba ya asilimia tano ni Sh. 470,000/=. Nikabonyeza kitufe. Umeme ukakatika. Uliporudi nikawasha, nikaona ripoti hazijachapwa, nikasema moyoni, basi haikufanya kitu. Nikabonyeza tena.

Ilikuwa imefanya. Hapo ndipo penye hatari ya makro, wenzangu, na nawaomba mnaotoka vikundi vingine mnisikie vizuri. Makro inakwenda hatua kwa hatua. Ikikatika katikati, hatua zilizotangulia zimekwisha kufanyika, hazirudi nyuma zenyewe. Riba ilikuwa imeshaingia mistari 47 kabla taa hazijazima. Mara ya pili ikaingia 47 nyingine. Kama onyo lingekuwa hai, lingesimama likaniambia "unaongeza mistari 47", na pengine ningejiuliza, kwani ile ya kwanza je? Lakini nilikuwa nimeliziba mdomo. Ripoti zikatoka nzuri, zimenyooka, kila mwenye mkopo akiwa na riba ya miezi miwili ndani ya mwezi mmoja. Zikapanda basi kwenda matawini.

Aliyegundua ni mama mmoja wa Butiama ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Anatunza kitabu chake kwenye mfuko wa nailoni, na kila kitu kimo humo, mihuri ya hisa na mikopo. Alinipigia: "Mwanangu, mimi nilikopa laki tatu. Riba yangu ni elfu kumi na tano. Hii elfu thelathini ni ya nani?" Nikamjibu kwa kiburi kidogo, naomba radhi, "Mama, kompyuta haikosei." Akaniambia, "Sawa. Basi kosea wewe, halafu uangalie." (Kicheko.)

Nikaangalia. Kicheko kiishie hapo, maana siku hiyo hiyo nilipata habari kwamba mwenzetu mmoja wa upande wa Bunda alikuwa amekwisha kulipa. Alipoona deni limekuwa kubwa na tarehe ya faini iko karibu, aliuza magunia mawili ya dagaa kwa bei ya hasara, akatoa ile riba mara mbili. Sh. 12,000/= alizozidisha tulimrudishia mkutano uliofuata, kwa kuhesabu mbele ya watu. Lakini tofauti ya bei ya dagaa zake, ambazo angesubiri wiki mbili tu akauza vizuri, hiyo haikurudishwa na mtu. Katika muhtasari iliandikwa "hitilafu ya kompyuta ilirekebishwa". Mimi ndiye niliyeandika maneno hayo. Kompyuta haikuwa na hitilafu yoyote, ilifanya nilichoiambia, mara mbili. Nimeomba nafasi katika kitabu hiki cha miaka kumi niandike hivyo. Na pia naomba Kamati, mbele ya Mgeni wa Heshima, ifikirie kumlipa mwenzetu hasara yake kutoka mfuko wa jamii, au ikiwa katiba hairuhusu, basi ikatwe kwenye posho yangu. (Makofi.)

Tulichorekebisha ni hiki, na nakieleza kwa sababu vikundi viwili vimeshaniomba nakala. Kwanza, hatua ya juu kabisa ya FUNGA_MWEZI sasa ni "kama". Inahesabu: je, jedwali la riba lina mistari ya mwezi huu? Kama ipo hata mmoja, inatoa ujumbe "Mwezi huu umeshawekwa riba. Mwite Mtunza Hesabu", kisha inasimama, haiendi hatua ya pili. Pili, na hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza, tumelifundisha jedwali lenyewe kukataa. Mkopo mmoja, mwezi mmoja, mstari mmoja. Ukijaribu kuingiza wa pili jedwali linaukataa, hata kama ni mimi, hata kama makro imeharibika. Makro ni mtumishi, anaweza kusahau. Jedwali ndilo sanduku, kufuli zinakaa huko. Tatu, nimeondoa ile amri ya kunyamazisha. Karani sasa hupigiwa kelele kila mwezi, naye anaisoma ile namba kwa sauti, na mjumbe mmoja wa ukaguzi analinganisha na idadi ya mikopo iliyo kwenye daftari. Nne, ripoti ikifika tawini si ankara. Inalinganishwa kwanza na vitabu vya wanachama, ndipo mtu anaambiwa deni lake.

Mtaniuliza, je, makro inatosha kwa kila kitu? Haitoshi. Kazi ya kurudiarudia kwa masharti mengi, au ya kutaka hatua zote zifanikiwe pamoja au zisifanyike kabisa, hapo msimbo ndio wenyewe, na SACCOS kubwa au benki haiwezi kwenda kwa karatasi yangu moja. Sina ugomvi na msimbo wala na vijana wanaouandika, wanetu wausome sana. Ila kikundi cha akina mama 84 kisishike mashine ambayo kati ya hao 84 hakuna anayeweza kuifungua. Siku tukikua tukahitaji msimbo, tuununue pamoja na maandishi yake na neno lake la siri, limefungwa kwenye bahasha ndani ya sanduku.

Na iko hatari nyingine ya makro, inayotoka nje. Makro inaweza kubebwa ndani ya faili, na mtu mbaya anaweza kupanga hatua mbaya. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani ndani ya hati za Word kwa njia hiyo hiyo, hati inafunguliwa, makro inaamka, inajituma yenyewe kwa barua pepe za watu hamsini unaowasiliana nao. Hofu hiyo haijaisha. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft ilianza kuzizuia moja kwa moja makro zilizo ndani ya mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Kwa hiyo ukitumiwa faili kwenye simu, eti "mfumo mzuri wa vikoba, bure", usikimbilie kuruhusu. Faili letu nikilitoa nalitoa kwa mkono, kwenye flashi, pamoja na karatasi ya hatua zake. Ukikuta hatua ambayo haimo kwenye karatasi, simama.

Jambo dogo kwa makarani. Iko makro inayoitwa AutoExec, hiyo huamka yenyewe kompyuta inapofungua faili letu, ndiyo inayowaletea ile fomu yenye vitufe vikubwa. Siku ikigoma msiogope. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi wakati faili linafunguka, itairuka, utaingia moja kwa moja kwenye majedwali. Lakini kwa sababu hiyo hiyo msidhani fomu yenye vitufe ni mlango wenye kufuli. Anayejua Shift anaingia. Ndiyo maana kila Ijumaa tunanakili faili lote kwenye flashi tatu, moja inakaa Musoma, moja Bunda, moja Butiama, kwa washika funguo. Mtu akichezea moja, mbili zitamsema.

Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na kanuni zake za mwaka 2019, vikundi vya kijamii kama chetu navyo viliingizwa kwenye utaratibu wa kusajiliwa na kutoa taarifa. Wenzetu wengi waliona mzigo. Kwetu taarifa ni kitufe cha pili kutoka chini. Inachukua muda mrefu zaidi kutafuta wino wa printa kuliko kutengeneza taarifa yenyewe.

Na kwa wale waliokuwa wakinisubiri baada ya mkutano kuniuliza nitaacha lini kazi hii: ni mwisho wa mzunguko huu. Nimetaka iwe hivyo. Karani wa Bunda amejenga makro yake ya kwanza mwezi uliopita, inachapa orodha ya wanaotakiwa kumaliza mikopo ndani ya wiki mbili, ili wajiandae mapema wasije wakauza mali kwa hasara. Nimeikagua, na kosa nililoliona ni moja tu, la tahajia. Wa Butiama ataanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, hapa hapa, saa nne asubuhi. Anayetaka kuja kutazama aje, mwanachama au jirani, kompyuta haiumi. Aje na kitabu chake cha hisa, tutajifunzia kwa hesabu zake mwenyewe.

Karatasi ya hatua za FUNGA_MWEZI imebandikwa ndani ya mfuniko wa kila sanduku. Tawi la Butiama, nimeambiwa yenu ililowa mvua ikachanika. Nimewaletea nyingine, na Mwekahazina aje aichukue kwangu kabla hatujaenda kwenye chakula.